Mwito Usio na Mwenyewe: Uhakiki wa Ujumbe Mfupi wa Maandamano

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuanza na swali la mtunzi. Muyaka bin Haji anajulikana, na Zahidi Mngumi wa Lamu anajulikana. Hata pale ambapo beti zimechanganyika vinywani mwa watu, mhakiki hujitahidi kumrudishia kila mtunzi haki yake. Mashairi yale ya mwanzo wa karne ya 19, yaliyorushwa na kujibiwa baina ya Lamu na Mombasa katika uhasama uliofikia kilele chake kwenye vita vya Shela, yalikuwa maneno ya siasa kabla ya kuitwa fasihi. Yalitungwa ili kutisha, kukejeli na kuwaunganisha watu wa upande mmoja dhidi ya wa upande wa pili. Hakuna mwanachuoni ayakataaye leo kwa sababu hiyo. Basi ni jambo la kushangaza kwamba ujumbe mfupi wa simu, ambao tangu mwaka 2001 umewatoa watu majumbani kwa maelfu na kuwasimamisha mbele ya wenye mamlaka, umeachiwa zaidi wanaisimu, nao aghalabu huutazama kwa jicho moja tu: unavyofupisha maneno, unavyochanganya lugha, unavyovunja tahajia. Hayo yote ni kweli, lakini ni sawa na kuhakiki utenzi kwa kuhesabu mizani na kufunga kitabu.

Hata jina lake halijatulia. Maandishi rasmi hupendelea arafa, ilhali mtu wa mtaani husema meseji na hana haja ya jingine. Hapa litatumika neno ujumbe, kwa kuwa lina faida moja ambayo arafa na meseji hazina: ndani yake yumo mjumbe. Na suala zima la uhakiki huu ni kwamba mjumbe huyo ametoweka, au tuseme ameongezeka mno hata hajulikani.

Mfano wa kwanza hauna budi kuwa Manila. Tarehe 16 Januari 2001, katika kesi ya kumwondoa madarakani Rais Joseph Estrada wa Ufilipino, maseneta walipiga kura 11 kwa 10 kukataa kufunguliwa bahasha iliyosemekana kuwa na siri za akaunti zake za benki. Usiku ule ule watu walianza kukusanyika, na siku nne baadaye, tarehe 20, Estrada alitoka ikulu. Ujumbe unaonukuliwa mara nyingi kutoka siku hizo ni huu: “Go 2EDSA. Wear blck.” Ni amri mbili: nenda EDSA, vaa nguo nyeusi. Mwanaisimu ataona tarakimu 2 iliyochukua nafasi ya neno, na irabu iliyodondoshwa katika jina la rangi. Ataandika kwamba ufupisho huo umetokana na kikomo cha herufi 160 na gharama ya kutuma, na hatakuwa amekosea.

Lakini nguvu ya ujumbe haimo katika kilichofupishwa; imo katika kile ambacho hakikuhitaji kusemwa. EDSA ni barabara kuu ya Manila, na ndiko mamilioni walikosimama mwezi wa Februari 1986 hadi Ferdinand Marcos akakimbia nchi. Kwa Mfilipino wa mwaka 2001 jina hilo halikuwa jina la mahali tu. Lilikuwa kisa kizima: kwamba rais amekwisha kuondolewa pale na watu wasio na silaha, kwamba askari wanaweza kugeuka, kwamba watawa wa kike walipiga magoti mbele ya vifaru. Kadhalika nguo nyeusi. Neno moja kuamriwa kuvaliwa, na maombolezo yote ya bahasha ile yakaeleweka. Mtunzi wa Kiswahili anaijua mbinu hii vizuri. Yeye ambaye amebanwa na mizani minane ya kipande cha utenzi hataji tukio zima. Hutaja jina moja la Badiri au la Karbala, na hadhira humaliza mengine. Kinachoitwa ufupi wa ujumbe ni wingi wa yale ambayo mtumaji na mpokeaji wanayajua pamoja. Ujumbe ule ule ukitumwa kwa mgeni ni maneno manne yasiyo na maana.

Tofauti baina ya 1986 na 2001 yafaa itazamwe kwa makini zaidi kuliko ilivyofanywa. Mwaka 1986 watu waliitwa EDSA na Kardinali Jaime Sin kupitia Radio Veritas. Palikuwa na sauti, palikuwa na jina, palikuwa na kiti cha mamlaka ya dini nyuma ya jina hilo. Aliyeitika alijua anamwitikia nani, na endapo mwito ungekuwa wa uongo, alijua wa kulaumiwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mbiu katika miji ya Pwani: mpiga pembe alijulikana, na aliyemtuma alijulikana zaidi yake. Ujumbe wa 2001 ulifika mkononi mwa mtu kutoka kwa dada yake, au kutoka kwa mfanyakazi mwenzake, ambao nao hawakuutunga. Mamlaka yake hayakutokana na cheo cha mtunzi bali na uaminifu wa aliyeupitisha. Mtu hakuamini kwa kuwa askofu amesema. Aliamini kwa kuwa dada yake hana desturi ya kumdanganya.

Mhakiki Vicente Rafael, katika insha yake ya mwaka 2003 kuhusu simu ya mkononi na umati huko Ufilipino, ameonyesha kwamba imani hii katika simu ilikuwa hasa imani ya tabaka la kati: ndoto kwamba watu wenye simu wanaweza kuzungumza moja kwa moja na mamlaka, na pia kuwasemea wale wasio na kitu. Ushahidi wake ulio mzito ni yale yaliyofuata. Estrada alipokamatwa mwezi wa Aprili mwaka ule ule, umati mwingine ulijaa EDSA, safari hii ukiwa wa maskini waliompenda, na tarehe 1 Mei wakaandamana hadi Malacañang na kurudishwa kwa nguvu. Hao hawakusifiwa kwa ujumbe wao wa simu. Wenye simu waliwaona kuwa umati wa kununuliwa na wa walevi. Barabara ile ile, jina lile lile, lakini kisa kilichomo ndani ya jina hakikuwa tena cha wote. Insha ya Rafael ina kasoro ndogo, kwamba inaushughulikia umati kwa urefu na kuupita ujumbe wenyewe kwa haraka. Hata hivyo mtu yeyote atakayeuhakiki ujumbe wa maandamano pasipo kuuliza ni nani asiye na simu atakuwa ameandika sifa, si uhakiki.

Kwa ufundi wa lugha, hata hivyo, hakuna ujumbe unaoshinda ule wa Madrid. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yaliwaua watu zaidi ya 190 katika treni za mji huo. Serikali ya José María Aznar ilisisitiza kwamba waliohusika ni ETA, kundi la Wabaski, ingawa dalili zilikwisha kuelekea kwingine. Uchaguzi ulikuwa tarehe 14. Siku ya kuamkia uchaguzi, kwa sheria ya Hispania, ni siku ya kutafakari, na kampeni hukatazwa. Siku hiyo, tarehe 13, ulizunguka ujumbe ambao nakala zake hutofautiana kidogo lakini mpangilio wake ni mmoja. Unaanza na maswali mawili ya kejeli. La kwanza latumia msemo wa Kihispania wa mtu anayeondoka zake kama vile hakuvunja kitu, nalo linauliza kama Aznar ataachwa aende hivyo. La pili linauliza: hii ndiyo iitwayo siku ya kutafakari, na Urdaci yuko kazini? Alfredo Urdaci alikuwa mkuu wa habari wa televisheni ya taifa. Kisha mtindo unabadilika ghafla. Leo, saa kumi na mbili jioni, makao ya chama tawala, mtaa wa Génova nambari 13. Bila vyama. Kimya kwa ajili ya ukweli. Halafu neno la mwisho: ¡Pásalo! Upitishe.

Yote hayo yameenea katika herufi zinazokaribia 160. Kejeli, kisha saa na mahali, kisha masharti mawili ya mwenendo, kisha amri. Masharti hayo ndiyo yanayostahili kutazamwa. “Bila vyama” ni kauli ya kujikinga na sheria, kwani aliyekuja na bendera ya chama angekuwa anafanya kampeni siku iliyokatazwa. Lakini pia ni kauli ya kuupa mwito mwenyewe asiye na jina, yaani raia. “Kimya” ni kauli ya ajabu kabisa katika mwito wa maandamano. Kusema kweli kimya hakikudumu, na watu walipiga makelele ya kudai ukweli kabla ya kupiga kura, lakini hilo si kosa la utunzi. Maswali mawili ya mwanzo, kwa upande wake, yasingeeleweka wiki mbili baadaye, wala nje ya mipaka ya Hispania. Huu ni utungo uliotungwa ili ufe kesho yake, na haukuona haya kwa hilo.

Neno lile la mwisho ndilo kiini cha jambo zima. Mbiu haikumwambia msikilizaji aende akapige mbiu. Shairi la Muyaka lilipitishwa kwa kupendwa kwake, si kwa kuamrisha lipitishwe. Ujumbe wa maandamano hubeba ndani yake amri ya uenezi wake, na kwa amri hiyo humgeuza hadhira kuwa fanani. Aliyeupokea saa nane na kuutuma saa nane na dakika mbili kwa watu kumi hakunukuu, amesema. Jina linaloonekana kwenye simu za wale kumi ni lake. Hapa fasihi simulizi inatoa mwanga zaidi kuliko fasihi andishi, maana katika ngano msimuliaji wa usiku huu ndiye mwenye ngano usiku huu, ijapokuwa hakuitunga. Lakini msimuliaji wa ngano huongeza chumvi, hupunguza, hutia jina la kijiji chake. Mpitishaji wa ujumbe kwa kawaida hagusi hata nukta. Ni fanani asiyebadilisha neno, na sanaa yake yote imo katika kuchagua nani wa kumtumia.

Maadam ni hivyo, lawama nayo ni ya nani? Wakenya walikutana na swali hili katika hali mbaya kuliko Wahispania. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, simu zilijaa jumbe za namna zote: za hofu, za uvumi, za kutafuta ndugu waliokwama, na za kuchochea jamii moja dhidi ya nyingine. Mwanzoni mwa Januari 2008 Wizara ya Usalama wa Ndani nayo ilituma ujumbe kwa wenye simu, ikiwasihi wasitume wala wasipitishe ujumbe wowote unaoweza kuleta ghasia, na kuwaonya kwamba huenda wakashtakiwa. Ujumbe huo wa serikali unafaa kusomwa kama utungo pia. Unaanza kwa ombi la adabu na kuishia kwa kitisho, na baina ya viwili hivyo umeyaweka maneno mawili, kutuma na kupitisha, kana kwamba ni kitendo kimoja. Serikali ilikuwa imefikia bila uhakiki wowote hoja ile ile iliyotajwa hapo juu: apitishaye amesema. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ikaifuata njia hiyo hiyo, ikimhesabu msambazaji pamoja na mchapishaji.

Hapo ndipo mhakiki anapojikuta mahali pagumu. Akisema kwamba kila mpitishaji ni mtunzi, amempa mwendesha mashtaka silaha, na silaha hiyo haichagui baina ya aliyepitisha uchochezi na aliyepitisha mwito wa kusimama kimya mbele ya jengo. Akisema kwamba mpitishaji ni mkondo tu, kama waya, amewavua wale waliosimama EDSA na Génova ujasiri wao wote, na tena amewatakasa waliopitisha maneno ya kuua. Baadhi ya waandishi wamejaribu kulikwepa tatizo kwa kusema kwamba chombo hakina hatia. Hilo ni jibu la muuza vyombo.

Njia ipo, nayo ni ya fani. Jumbe zikipangwa upande kwa upande, tofauti moja hujitokeza mapema. Mwito wa maandamano hutaja mahali na saa. Uchochezi hutaja watu. Mwito humwambia mpokeaji mahali pa kwenda yeye mwenyewe, na kwa hiyo humweka hatarini yeye kwanza. Uchochezi humwambia mwingine asipotakiwa kuwapo. Mwito una mwisho, kwani saa kumi na mbili ikipita umekwisha. Uchochezi hauna saa, na ndiyo maana huweza kutolewa kabatini katika kila uchaguzi ukiwa mbichi vile vile. Aidha mwito unaweza kuthibitishwa kwa miguu: mtu huenda akaona kama watu wapo. Kipimo hiki hakikosi mapengo. Ujumbe wa Madrid ulitaja mahali, lakini mahali hapo palikuwa nyumba ya watu fulani, na anwani ya nyumba ya mtu ikitajwa pamoja na saa, mwito umekwisha kuwa uwindaji. Lakini kipimo chenye mapengo yanayoonekana ni bora kuliko kile cha orodha ya maneno mabaya, ambacho hupitwa na sitiari ya kwanza. Kila mtu aliyekulia Kenya anajua jinsi neno la kilimo, kama magugu au madoadoa, linavyoweza kubeba yale ambayo orodha haiyaoni.

Ipo pia aina ya tatu, ambayo si mwito wala uchochezi. Mwaka 2004, wakati wa mikutano mikuu ya vyama huko Marekani, ule wa Boston mwezi wa Julai na ule wa New York mwishoni mwa Agosti, waandamanaji walitumia huduma iitwayo TXTMob, iliyoundwa na kikundi cha Institute for Applied Autonomy. Mtu alijiandikisha katika kundi, na ujumbe mmoja uliotumwa huko uliwafikia wote. Jumbe za huko hazikuwa na kejeli wala historia. Zilisema polisi wako njia panda gani, barabara gani imefungwa, nani anahitaji msaada wa daktari. Kwa ladha ya fasihi ni kavu kabisa. Hata hivyo mwaka 2008 mawakili wa mji wa New York, katika kesi zilizotokana na ukamataji wa watu zaidi ya 1,800 katika siku zile, walimtaka Tad Hirsch, mwanafunzi wa uzamifu wa MIT aliyehusika kuiunda huduma hiyo, atoe maneno ya jumbe pamoja na habari za waliozituma. Mambo mawili yalidaiwa kwa pamoja: matini, na mtunzi. Mahakama haiwezi kuisoma matini isiyo na mwenyewe, na kwa hili inafanana na uhakiki wa kimapokeo kuliko wahakiki wangependa kukiri.

Wataalamu wa lugha wa Kenya hawawezi kuyatazama haya kwa mbali. Wao huitwa mahakamani kufasiri maneno katika kesi za matamshi ya chuki, na wengine wao hukaa katika kamati zinazotunga kanuni. Mwongozo uliotolewa mwaka 2017 kuhusu jumbe za kisiasa zinazotumwa kwa wingi ulitaka ziandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Kiswahili kimepewa heshima hapo, lakini ni heshima ya kushukiwa. Kimechaguliwa kwa kuwa mkaguzi anakielewa, si kwa kuwa kina la kusema. Na nyuma ya kanuni hiyo imo dhana kwamba uchochezi hukaa katika lugha za mama, dhana ambayo hakuna mwanaisimu angekubali kuitia sahihi darasani.

Mwezi wa Juni 2024 dhana hiyo ilipata jibu lake. Katika upinzani dhidi ya Mswada wa Fedha wa mwaka huo, nambari za simu za wabunge zilisambazwa, na vijana wakahimizana kuwasalimia. Salimia mheshimiwa wako: ndivyo ilivyosemwa, na wabunge wakamiminiwa jumbe na simu usiku na mchana. Neno ni la Kiswahili sanifu, limo katika kila kamusi, na mkaguzi yeyote angelipitisha. Lakini katika adabu ya Waswahili mdogo ndiye aanzaye salamu, na mkubwa hana ruhusa ya kuiacha bila kuitikia. Vijana walishika nafasi yao ya udogo barabara, wakatoa salamu, na wakamwachia mkubwa aibu ya kunyamaza. Kejeli ya Madrid ilihitaji maswali mawili; hii ilihitaji kitenzi kimoja, na ilipatikana ndani ya adabu yenyewe. Wapo watakaosema kwamba kumpigia mtu simu mara elfu si adabu, na hawajakosea. Jambo lilikuwa zito: tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bunge, watu wakapigwa risasi na kufa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia mswada huo sahihi.

Salamu zile ziko wapi sasa? Simu hubadilishwa, zikaibwa, zikajaa na kufutwa. Ujumbe wa Madrid unasomeka leo kwa sababu magazeti yaliuchapa. Za Kenya za mwaka 2008 zilizo rahisi kupatikana ni zile zilizokusanywa na wachunguzi, na wachunguzi hukusanya kile wanachokitafuta. Hivyo mwanafunzi atakayekuja kuandika tasnifu juu ya ujumbe wa kisiasa atakuta kwenye majalada maneno ya kufukuzana na kuuana, yamepangwa kwa tarehe na kutiwa mihuri, na hataukuta ule wa mama aliyewaandikia majirani wa makabila yote kwamba saa tano usiku wakutane kwenye lango la mtaa, na kila mmoja aje na tochi.